Mwendo wa Mzee Mwenye Demensia: Namna ya Kuusoma, Kuupima na Kuulinda

Baba yangu alikuwa mtu wa kutembea. Kwa miaka zaidi ya 30 alitoka nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, akaenda msikitini alfajiri kwa miguu na kurudi kabla jua halijapanda. Alipofikisha miaka 74 niliona kitu kidogo. Vijana wa mtaani wakimpa shikamoo, anasimama. Anasimama kabisa, miguu yote miwili chini, anaitikia "marahaba", anauliza habari za nyumbani, kisha ndipo anaanza tena kutembea. Zamani aliitikia huku anakwenda, mkono juu, mwendo uleule. Nyumbani tukasema mzee amezidi uungwana.

Baada ya miaka miwili akaanza kupotea njia ya msikiti uleule. Wakati huo ndipo nilipokuja kusoma kwamba mwaka 1997, kule Umeå nchini Uswidi, watafiti walitembea na wazee wa makazi ya kulelewa huku wakiwazungumzisha. Wazee 12 walisimama kila walipotaka kujibu. Katika miezi 6 iliyofuata, 10 kati ya hao 12 walianguka. Nilipomaliza kusoma niliweka simu chini nikalia, maana shikamoo za mtaani kwetu zilikuwa zimempima baba kila siku na hakuna aliyejua kusoma majibu.

Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili ya mtoto, mjukuu, mkamwana au dada wa kazi anayekaa na mzee. Mengi nilifundishwa na mtaalamu wa mazoezi tiba aliyekuwa akija nyumbani, mengine nimeyasoma, na mengine nimeyajua kwa kuumia. Usiufanye mbadala wa daktari. Utumie ili ukifika kwa daktari uwe na la kumwambia.

Elewa kwanza: kutembea ni kazi ya ubongo

Mzee akianza kujikokota tunasema miguu imechoka, tunampaka dawa ya kuchua, basi. Ni kweli magoti huchoka na misuli hupungua. Lakini miguu hupokea amri. Sehemu ya mbele ya ubongo hupanga safari na kugawa umakini. Sehemu za ndani huanzisha hatua na kuendesha mwendo uliozoeleka. Ubongo mdogo wa nyuma hushika mizani. Sehemu ileile inayotunza kumbukumbu ndiyo inayotunza ramani ya mahali. Kati ya hizi zote kuna nyaya ndefu za neva, na presha isiyotibiwa kwa miaka mingi huzila nyaya hizo kimyakimya.

Kwa mtu mzima wa afya, karibu yote hayo hujiendesha. Unatembea huku unaongea na simu na kukwepa bodaboda. Demensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu na fikra, huondoa ule wepesi. Mzee anatembea kama wewe unavyovuka mto juu ya gogo moja: akili yote imo miguuni. Mtu akikuita ukiwa katikati ya gogo, ama utasimama, ama utadondoka majini.

Ukishalishika hilo, mengine yote humu yanaeleweka: unaupunguzia ubongo kazi ili miguu ipate nafasi.

Hatua ya 1: Tazama kwa siku saba, andika

Chukua daftari. Usimwambie kwamba unamtazama, kwa sababu mtu anayejua anatazamwa hutembea vizuri kuliko kawaida yake.

Anza na masikio. Ndala za mtu mwenye afya hugonga sakafu: pa, pa, pa. Za mtu anayeburuta miguu husugua: shaa, shaa. Nilikuwa nikiosha vyombo jikoni na kujua bila kugeuka kwamba leo siku si nzuri. Zigeuze pia hizo ndala uone zilivyolika. Zikiisha upande wa vidole huku kisigino kizima, mguu hauinuki.

Kisha tazama mikono. Je, inapunga yote miwili, au mmoja umening'inia? Tazama anavyogeuka. Mtu wa kawaida hugeuka kurudi alikotoka kwa hatua mbili tatu, lakini aliyeanza kuathirika hupiga hatua ndogondogo nyingi, mwili mzima ukigeuka kama gogo. Wengi huanguka hapohapo kwenye kugeuka. Tazama anavyoanza kutembea akitoka kukaa, na anavyopita mlangoni: je, husita kwenye kizingiti kana kwamba kuna kitu kinamzuia? Anashika ukuta na viti njiani?

Jambo ambalo macho hulikosa kwa urahisi ni kutolingana kwa hatua. Hatua moja ndefu, inayofuata fupi, ya tatu ya haraka. Mzee mwenye magoti mabovu hutembea polepole, lakini hatua zake hulingana kama saa ya ukutani. Hatua zinazobadilikabadilika huelekeza mashaka kwenye ubongo kuliko kwenye goti.

Andika na saa. Baba alitembea vizuri asubuhi, na kuanzia alasiri alikuwa mtu mwingine. Mwisho wa wiki mrekodi kwa simu: sekunde 20 akija kwako, sekunde 20 akipita ubavuni. Video hiyo ilimsaidia daktari kuliko maelezo yangu yote.

Hatua ya 2: Pima kwa futi kamba na saa ya simu

Vipimo hivi vitatu vinafanyika uani au kwenye korido. Avae viatu anavyovaa siku zote, atumie fimbo kama anayo, na wewe uwe karibu naye muda wote.

Cha kwanza ni kasi. Pima mita 6 kwa futi kamba, uweke alama mwanzo na mwisho kwa chaki. Aanze kutembea mita moja au mbili kabla ya alama ya kwanza na apitilize ya mwisho, ili usipime kuanza wala kusimama kwake. Gawa mita kwa sekunde. Mita 6 kwa sekunde 6 ni mita 1 kwa sekunde, na hiyo ni sawa kwa mzee. Chini ya mita 0.8 kwa sekunde, yaani akichukua zaidi ya sekunde 7 na nusu, ni mwendo wa polepole unaohitaji kuchunguzwa.

Cha pili ni kuinuka na kwenda. Akae kwenye kiti chenye mikono, ainuke, atembee mita 3, ageuke, arudi, akae. Hesabu tangu unaposema "twende" hadi anapokaa. Sekunde 12 au zaidi zina maana ya hatari ya kuanguka.

Cha tatu ndicho kinachogusa demensia yenyewe. Arudie zile mita 6, safari hii akitaja majina ya wanyama kwa sauti: mbuzi, ng'ombe, punda. Kama anapenda hesabu, ahesabu kurudi nyuma kutoka 30. Linganisha kasi mbili. Tuseme peke yake alitumia sekunde 6, yaani mita 1 kwa sekunde, na akitaja wanyama alitumia 8, yaani mita 0.75. Amepoteza robo ya kasi yake, asilimia 25. Utafiti wa Manuel Montero-Odasso na wenzake kule London, jimbo la Ontario nchini Kanada, uliotoka mwaka 2017, uliwafuatilia wazee wenye usahaulifu mdogo. Wale ambao mwendo wao ulipungua zaidi ya asilimia 20 wakitembea huku wakifanya kazi ya akili ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuingia kwenye demensia.

Usikimbilie kumtia mzee jina la ugonjwa kwa kipimo cha uani. Goti, nyonga, mtoto wa jicho, presha, hata njaa, vyote hupunguza kasi. Kipimo chenye maana zaidi ni cha mzee dhidi ya yeye mwenyewe: pima leo, pima baada ya miezi mitatu, kwa viatu vilevile na saa ileile. Lakini mwendo wa polepole ukikutana na malalamiko ya kusahau, usingoje. Joe Verghese na wenzake huko Bronx, New York, waliupa mchanganyiko huo jina lake mwaka 2013, kwa sababu hutangulia demensia, na mara nyingine kwa miaka kadhaa.

Hatua ya 3: Jua kwamba kila demensia ina mwendo wake

Demensia ni jina la kundi la magonjwa. Mwendo husaidia kuyatenganisha, na ni vizuri mlezi awe na picha kichwani.

Alzheimer, iliyo ya kawaida kuliko zote, huanza na kumbukumbu. Mwendo mwanzoni unaweza kuonekana mzuri kabisa kwa macho. Unapungua kidogo kasi, hatua zinaanza kutolingana, na mzee anapotea njia kabla hajaanza kuanguka. Miaka inavyokwenda hatua hufupika, anatembea kwa hofu kama mtu aliye juu ya sakafu yenye sabuni.

Demensia ya mishipa ya damu ni habari nyingine. Hii ndiyo inayofuata presha na kisukari, na kwa jinsi presha isiyotibiwa ilivyojaa majumbani kwetu, nadhani tunaiona bila kuijua. Hapa mwendo huharibika mapema, pengine kabla ya kumbukumbu. Miguu hutanuka, hatua ni fupi, nyayo zimeganda sakafuni kana kwamba kuna ulimbo, lakini kiuno kwenda juu mtu yuko wima na mikono inapunga. Mkojo nao humbana ghafla. Hali hushuka kama ngazi: miezi kadhaa yuko palepale, kisha siku moja anashuka kidato kizima kwa sababu ya kiharusi kidogo ambacho hakuna aliyekiona. Baba alikuwa na hii, ikichanganyika na Alzheimer. Kuchanganyika ni jambo la kawaida uzeeni.

Demensia ya Lewy huja na mwili ulioinama, hatua za kuburuta, mikono isiyopunga, uso usiobadilika. Mzee huona watu au watoto ambao hawapo chumbani, na humweleza mtoto huyo mpaka rangi ya nguo yake. Leo yuko mzima, kesho amechanganyikiwa. Anaanguka mapema katika ugonjwa. Hapa nakuomba ushike jambo moja kwa nguvu: wazee hawa wanaweza kudhurika vibaya, hata kufa, kwa dawa za kutuliza akili kama haloperidoli. Familia nyingi zinaposikia mzee "anaona watu" huomba sindano ya kumtuliza. Mwambie daktari kwanza kuhusu mwendo wake na anayoyaona, kabla ya sindano yoyote.

Kuna pia demensia ya sehemu ya mbele ya ubongo, inayowapata hata watu wa miaka 45 hadi 65. Huyu miguu yake ni mizima, tena anatembea sana, njia ileile, mwendo wa haraka, bila kujali magari. Kilichoharibika ni tabia na busara.

Hatua ya 4: Hospitali, ukatafute kwanza yale yanayotibika

Usiende ukasema "mzee amezeeka". Nenda na daftari, video na mfuko wenye dawa zake zote, pamoja na zile za duka la dawa na za miti shamba.

Kama mwendo umebadilika ghafla, kwa siku au saa, hiyo ni dharura. Malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji mwilini au kiharusi vinaweza kumlaza chini mzee aliyekuwa anatembea jana. Mara nyingi homa huwa ndogo au haipo kabisa. Usingoje hadi asubuhi.

Kama umebadilika polepole, kuna mambo ninayotaka uyaulize kwa majina. Kupungua kwa vitamini B12 huharibu neva za miguu na kumbukumbu kwa pamoja, na mwenye kisukari aliyetumia metformini miaka mingi yumo kwenye hatari hiyo. Tezi ya shingo inayofanya kazi kwa uvivu hupunguza mwendo na fikra. Kaswende ya zamani na virusi vya UKIMWI navyo hufika kwenye ubongo, na mzee anastahili kupimwa bila aibu. Damu inaweza kuvuja polepole chini ya utando wa ubongo wiki kadhaa baada ya kugonga kichwa, hata kugonga kidogo kwenye mlango. Inaonekana kwa picha ya CT, na mara nyingi huweza kutolewa.

Kuna na hili la maji kujaa kwenye vyumba vya ubongo uzeeni. Salomón Hakim, daktari wa Bogotá nchini Kolombia, alilieleza mwaka 1965. Dalili zake ni tatu pamoja: mwendo wa miguu iliyoganda na kutanuka, ambao kwa kawaida hutangulia, mkojo usiozuilika, na akili kuwa nzito. Baadhi ya wagonjwa hawa hufungiwa mrija wa kupunguza maji na mwendo hurudi. Unaona jinsi linavyofanana na ile ya mishipa ya damu? Ndiyo maana usikubali kuondoka bila kuulizia picha ya ubongo, hata kama ni kwa rufaa ya kwenda mbali. Hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC na Bugando zinayo mashine.

Kama mzee hakusoma shule, usiogope kipimo cha kumbukumbu. Wilayani Hai, Kilimanjaro, ambako uchunguzi wa nyumba kwa nyumba ulikuta demensia kwa takriban asilimia 6.4 ya watu wa miaka 70 na zaidi, kilitengenezwa kipimo kisichohitaji kalamu. Sehemu yake moja ni kupanga njiti za kiberiti kama alivyopanga mpimaji.

Halafu dawa. Hapa ndipo nilipoumia. Baba alipoanza kukosa usingizi, zahanati moja ilimpa diazepamu, nami nikashukuru kwa kuwa sote tulilala. Usiku wa nne alianguka akienda chooni. Dawa za usingizi, amitriptilini, na hata zile za mafua na mwasho kama klofeniramini zinazouzwa kila duka hulegeza mwendo na kuongeza kuchanganyikiwa. Muulize daktari kila kidonge: kinahitajika bado? Usikate dawa ya presha wala ya usingizi kwa uamuzi wako. Omba pia presha ipimwe akiwa amelala, kisha ndani ya dakika 3 baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, umepata sababu moja ya kupepesuka kwake anapoinuka.

Hatua ya 5: Tengeneza nyumba kwa macho yake

Ubongo wenye demensia husoma sakafu vibaya. Mkeka au zulia jeusi katikati ya sebule huonekana kama shimo, na mzee atalizunguka au atasimama ukingoni. Vigae vinavyong'aa huonekana kama maji. Mistari myeusi na myeupe huonekana kama vidato. Kabla ya kununua chochote, inama hadi kimo cha macho yake utembee njia yake yote, kutoka kitandani hadi chooni, mchana na usiku. Niliifanya hiyo mara moja tu, nikatoa vitu saba.

Njia ya chooni usiku ndiyo ya kwanza. Weka taa isiyozimwa, hata ile ndogo ya sola. Mlango wa choo uachwe wazi ili akikaa kitandani akione. Kama choo ni cha nje au cha kuchuchumaa, weka kiti cha choo au ndoo yenye kikalio chumbani kwa usiku, na funga chuma cha kushikilia ukutani. Kizingiti kipake rangi kali, ya njano au nyeupe, kikatofautiana na sakafu. Mikeka ya kuteleza iondoke, na waya wa feni upite ukutani. Maji ya bafuni yafutwe kila baada ya kuoga. Viti na meza visihamishwe hata kama wageni wanakuja, kwa maana anatembea kwa mazoea ya mikono yake.

Viatu: ndala ni adui. Tafuta kiatu kinachofunika kisigino, chenye soli nyembamba isiyoteleza na cha kufunga kwa mkanda wa kunata (velcro). Kanzu, kikoi au kanga isifike chini kuliko kifundo cha mguu. Kucha zikatwe. Macho yapimwe, kwani mtoto wa jicho hutolewa hata kwa mwenye demensia.

Fimbo iwe ndefu kiasi cha kufika kwenye kifundo cha mkono wake akiwa amesimama mikono chini, iwe na mpira mpya chini, ishikwe upande wa mguu mzima. Lakini fimbo nayo ni kazi ya akili. Ukimletea kigari cha kutembelea wakati ugonjwa umekwenda mbali, atakibeba, atakisahau, atakikwaa. Kama kinahitajika, kianze mapema, kabla kujifunza hakujawa kugumu.

Hatua ya 6: Namna ya kutembea naye

Usimvute kwa mikono ukiwa mbele yake huku unarudi kinyumenyume. Utamfanya ainame na kuanza kukimbia hatua fupi asizoweza kuzisimamisha. Simama ubavuni, nyuma kidogo, mkono wako mmoja nyuma ya kiuno, mwingine umshike kiganja au umtegemeze chini ya kigasha. Yeye ndiye ashike mwendo, wewe ufuate.

Akiinuka kitini, mpe maneno machache, moja moja, na usubiri kati yake. "Baba, sogea mbele." Subiri. "Miguu nyuma." Subiri. "Inama. Simama." Kusubiri kwenyewe ndiyo dawa, maana amri ya pili ikiingia kabla ya ya kwanza kutimizwa zote mbili hupotea. Akishasimama, ahesabu hadi kumi kabla ya hatua ya kwanza.

Njiani nyamaza. Hili liligharimu moyo wangu kuliko yote, kwa sababu matembezi yetu ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu. Mtaalamu aliniambia: tembeeni hadi kibarazani, kaeni, zungumzeni mtakavyo, kisha tembeeni tena. Nikawaomba na majirani. Nilipita nyumba kwa nyumba nikasema, tafadhali, mkimwona baba yuko njiani msimsalimie kwa mbali. Msogeleeni, asimame kwanza, ndipo mumpe shikamoo yake. Walielewa upesi kuliko nilivyotarajia, na mwenye duka la kona akaanza kumwekea kiti.

Akiganda mlangoni, usimsukume. Simameni. Mwambie ahamishe uzito mguu huu, kisha huu, kama anayecheza ngoma mahali pamoja. Hesabu kwa mahadhi, "moja, mbili, moja, mbili", au weka mguu wako mbele ya wake kwa upande umwambie auvuke. Baba alifunguka kwa dhikri. Nilikuwa nikianza kuisoma polepole na miguu yake inaifuata.

Kwenye ngazi ashike reli. Kupanda hutangulia mguu wenye nguvu, kushuka hutangulia ulio dhaifu. Wewe kaa upande wa chini yake daima.

Hatua ya 7: Asikae tu

Hofu ya kuanguka hutufanya tumkalishe mzee kutwa. Misuli ya mapaja hupungua haraka, na baada ya wiki chache za kukaa anaanguka hata akienda hatua tano. Ufini kuna utafiti, uliotoka mwaka 2013, ambapo wagonjwa wa Alzheimer waliokuwa wakiishi majumbani na wenzi wao walifanya mazoezi saa moja mara mbili kwa wiki kwa mwaka mzima. Walianguka mara chache kuliko wale waliopata huduma ya kawaida, na uwezo wao wa kujihudumia ulipungua polepole zaidi.

Sisi tulifanya dakika 15 asubuhi, saa zake nzuri. Kuinuka na kukaa kitini mara 5, kupumzika, tena 5. Kuinua visigino akiwa ameshika dirisha. Hatua za ubavu kando ya meza. Kunyanyua magoti kama askari wa gwaride. Kisha matembezi, njia ileile kila siku. Usimpe maelezo marefu. Fanya mbele yake, naye aige. Siku akikataa, acha, jaribu baada ya chai.

Hatua ya 8: Mzee anayetangatanga

Kuna mzee ambaye tatizo lake ni kutembea mno. Huanza jua likielekea kuzama: anataka "kwenda nyumbani", na nyumbani anapotafuta ni pale alipozaliwa, au kazini alikostaafu miaka mingi. Usibishane naye. Angalia kwanza kama ana njaa, mkojo, maumivu au kufunga choo. Kisha toka naye, mzunguke nyumba, mrudi. Mlango usiufunge kwa kufuli kutoka nje akiwa peke yake ndani, moto ukitokea hana pa kupita. Kengele ndogo mlangoni inatosha kukuamsha. Mshonee namba yako ya simu ndani ya kola, na uwe na picha yake ya karibuni kwenye simu.

Kwetu kuna hatari ambayo vitabu vya Ulaya havitakuambia. Bibi anayekutwa usiku nje ya nyumba ya watu, nguo zimemtoka, hajui kueleza alikotoka, anaweza kuitwa mchawi. Usukumani, Kisii na Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo. Kwa hiyo usifiche ugonjwa. Mwambie mjumbe wa nyumba kumi au mzee wa mtaa, imamu au padri, waendesha bodaboda wa kijiweni, vijana wa ulinzi wa usiku. Taja jina: ni ugonjwa wa ubongo, unaitwa demensia, anaweza kupita kwenu, mkimwona nipigieni. Aibu utakayoipata siku hiyo ni ndogo.

Hatua ya 9: Akianguka

Mtu mwenye demensia huanguka takriban mara mbili zaidi ya mzee mwenzake mwenye akili timamu, kwa hiyo jiandae. Usimnyanyue mara moja. Kaa naye sakafuni, umtulize, tazama. Mguu mmoja ukionekana mfupi na unyayo umegeukia nje, nyonga imevunjika; usimsogeze, tafuta gari ambalo atalala. Akiwa ametapika, amepoteza fahamu hata kidogo, au anatumia dawa za kuzuia damu kuganda na amegonga kichwa, ni hospitali saa hiyohiyo.

Kama hana jeraha, alale ubavu, kisha apige magoti na mikono, mletee kiti mbele, ashike kiti, mguu wenye nguvu utangulie, na kiti cha pili kiwe nyuma yake akalie. Fanya pole. Andika saa, mahali, alichokuwa akifanya na alichovaa. Mtazame kwa wiki sita zinazofuata: usingizi mwingi, kichwa kuuma au upande mmoja kulegea ni sababu ya kurudi kupiga picha ya ubongo.

Baba alianguka mara tano katika miaka minne. Mara nne kati ya hizo, nikisoma daftari, zilikuwa kati ya saa moja na saa nne usiku, akielekea chooni. Baada ya kuweka kiti cha choo chumbani na kumpeleka kila siku kabla ya kulala, alikaa miezi 11 bila kuanguka.

Mwaka wa mwisho safari yake ilikuwa kutoka kitandani hadi kiti cha kibarazani, hatua 14, nami pembeni, kimya. Akishakaa na kupumua, napiga goti mbele yake, nampa shikamoo. Kuna siku aliitikia.